Ua la Buluu Uani kwa Bi Mwanakuu

Kibokoni, Mombasa
12 Juni 1993

Dada Mbeyu,

Salaam aleikum. Mimi mzima. Wewe na shemeji Joab natumai wazima. Mwanangu Jefwa yuko Voi, kwenye gereji. Hajaandika tangu Machi. Angekuwa amekufa wangeshaniambia.

Charo, yule nibebaye naye magunia bandarini, bega limemteguka. Sasa nimepewa mwengine, mvivu.

Mvua zilikuwa nyingi. Uani kwetu limeota ua. Silijui. Bi Mwanakuu mwenye nyumba halijui. Ni la buluu. Wewe ulikuwa ukienda porini na nyanya kuchuma mboga na dawa, mimi nilikuwa na mbuzi. Niambie ni ua gani.

Ni haraka kidogo. Bi Mwanakuu ataka kupiga simiti uani kote. Amesema likiwa ni dawa, au ni ua la maana, atapaacha pale. Likiwa gugu, litalala chini ya simiti.

Nakomea hapa, mkono wauma.

Kombe

*

Moiben, Eldoret
30 Juni 1993

Mdogo wangu Kombe,

Bwana asifiwe, na kama hiyo huitaki, waleikum salaam. Sisi tuko, baridi yatutafuna. Joab mguu umemvimba tena lakini mdomo haujavimba, yuasema mchana kutwa. Ng'ombe amezaa ndama jike, shukrani. Binti yangu Beryl ameingia kwaya. Jumapili nikimwona anavyofungua kinywa nacheka peke yangu mpaka mchungaji ananikazia macho.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna nyengine. Kombe, tangu tumzike mkeo Mejumaa, Mungu amrehemu, mwaka juzi ule, nakuandikia wanijibu "mimi mzima". Nakuuliza wala nini, wanijibu "chakula". Leo umejaza ukurasa, na ukurasa wenyewe ni wa ua! Wewe! Mtu aliyevishwa koja la asumini siku ya arusi yake akamuuliza shehe kama laliwa!

Haya. Sasa "ua la buluu" ndiyo nini? Mbingu nazo za buluu. Sisi kwenye ngumbaru mwalimu alitufunza, kitu usichokijua kiulizie. Basi nijibu. Urefu wake? Majani yake yako vipi? Umbo la ua lenyewe? Lanukia? Limeota upande gani wa uani? Na wewe ulijuaje kuwa limeota, wewe usiyejua hata ukuta wenu una rangi gani? Na kwa nini ua hili?

Tena waulize wanawake wa hapo nyumbani. Watu wa Mji wa Kale kwenye maua hawana mchezo.

Joab akusalimu, asema ule samaki kwa niaba yake.

Dada yako asiyechoka kuuliza,
Mbeyu

*

Kibokoni
17 Julai 1993

Dada Mbeyu,

Salaam. Mimi mzima. Jefwa bado kimya. Samaki nimekula, mwambie shemeji.

Majibu. Urefu: gotini. Majani: membamba, kama yamepakwa majivu. Umbo: ua. Lina meno meno kama karatasi iliyochanwa. Rangi kama ile buluu ya kufulia kanzu. Harufu: hapana. Limeota wapi: pembeni. Nilijuaje: nina macho.

Nimeuliza kama ulivyosema. Bi Mwanakuu: "Gugu." Charo alikuja kunitembelea, mkono shingoni. Akasema hilo limetegwa na mtu, ni uchawi, akatoka uani kinyumenyume.

Halafu nikamuuliza Bi Swabaha. Ni mjane, akaa chumba cha mbele, ashona kofia za vito, zile za matundu ya sindano. Nilikata ua moja. Nikalifunga kwa jani la mgomba lisinyauke. Nikapiga hodi. Nikamwambia, "Nimelileta kwako, wewe ndiye utakayejua." Akalitazama. Akanitazama. Akafunga mlango.

Kesho yake akaleta mahamri na mbaazi za nazi. Jina la ua hakutaja.

Mejumaa alinifunza sahani ya jirani usiirudishe tupu. Chumbani nilikuwa na chumvi tu. Nikakata ua jingine, nikaliweka juu ya sahani, nikarudisha.

Ijumaa iliyofuata akaleta samaki wa kupaka. Ndiye huyo niliyemla kwa niaba ya shemeji.

Jina bado sijui. Nimekutilia moja humu ndani. Fungua polepole.

Kombe

*

Moiben
5 Agosti 1993

Kombe,

Leo salamu fupi. Joab mzima, ndama mzima, Beryl bado aimba, tuombeane.

Ua limefika. Majani yamekuwa unga, lakini buluu yake iko vilevile, sijapata kuona. Si la kwetu, nyanya hakuwahi kulichuma. Nitalionyesha watu wa huku.

Ila hebu liweke ua kando. Nijibu haya, na usinijibu "nina macho". Siku uliyompelekea huyo Bi Swabaha ilikuwa siku gani? Saa ngapi? Nani alikuona? Na ulikuwa umevaa nini?

Jibu upesi. Sijalala vizuri.

Mbeyu

*

Kibokoni
21 Agosti 1993

Dada Mbeyu,

Salaam. Mzima.

Siku: Alhamisi. Saa: baada ya magharibi, nilikuwa nimetoka kazini nimeoga. Walioniona: Bi Mwanakuu na wanawake watano waliokuwa naye. Nilivaa kanzu, nguo za kazi zilikuwa na vumbi. Kwani?

Mengine ni haya. Bi Swabaha alikuja dirishani kwangu. Akasema, "Kombe, ua lako halinukii."

Nikasema, "Najua."

"Mwengine angeleta linalonukia."

Nikasema, "Ndilo nililo nalo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sijui alichekea nini.

Juzi amenishonea kofia. Yanitosha barabara. Sijui kichwa alikipimaje. Msikitini watu wanipa mkono hawauachi. Bi Mwanakuu aniita bwana arusi. Nadhani macho yake yameanza kuharibika, anifananisha na mtu.

Fundi wa simiti yuwaja mwisho wa Oktoba. Umeshapata jina?

Kombe

*

Moiben
6 Septemba 1993

Wewe punda,

Joab mzima. Ndama mzima. Mimi ndiye mgonjwa, na ugonjwa wangu ni wewe.

Kombe, umekaa Mji wa Kale miaka thelathini kasoro. Mwanamume ameoga, amevaa kanzu, Alhamisi jioni, amechukua ua amelifunga kwa jani la mgomba kama kikuba, amekwenda kumpigia hodi mjane mbele ya wanawake watano, amesema, "Nimelileta kwako, wewe ndiye utakayejua." Ulidhani atajua nini? Umeposa, ndugu yangu! Naye akakujibu kwa mahamri, na wewe ukamrudishia ua la pili juu ya sahani yake, kana kwamba la kwanza hakulisikia!

Kwani Mejumaa kila Alhamisi alikuwa na nini kifuani? Kikuba! Asumini, rihani, kilua, vimefungwa pamoja, cha mume kumletea mkewe, chumba kizima chanukia. Ulidhani harufu ile yatoka bandarini?

Sasa nisikize. Huyo mwanamke amekushonea kofia. Kofia ya vito si kazi ya siku mbili, macho huuma. Usende kusema neno. Wewe ukisema neno huwa kama mtu ameangusha gunia. Ngoja nifikiri, nitakuandikia la kusema. Nakusihi, Kombe: NGOJA.

Tena swali langu moja hujalijibu tangu Juni. Kwa nini ua hili? Usiniambie ni kwa sababu ni la buluu.

Dada yako, kichwa chamuuma,
Mbeyu

*

Kibokoni
20 Septemba 1993

Dada Mbeyu,

Salaam. Barua yako ilifika Ijumaa. Sikungoja. Nilikwenda saa ileile.

Nikasema, "Bi Swabaha, mimi sikuposa. Nilitaka jina la ua tu."

Alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa. Akasema, "Jina la ua."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Kofia yangu."

Nikavua, nikampa.

Mahamri yamekoma. Bi Mwanakuu hasemi nami. Asema na paka ili nisikie. "Wamwona huyo, paka wangu? Amekula mbaazi za watu, sasa hajui zilitoka wapi." Fundi amesogezwa. Yuwaja Jumamosi tarehe 9 Oktoba.

Vikuba nilivijua. Mejumaa alinunua mwenyewe. Mimi sikumnunulia hata kimoja. Sikujua kuwa ni kazi ya mume. Hakuniambia.

Umeuliza mara mbili kwa nini ua hili. Haya. Pale pembeni ndipo Mejumaa alipokuwa akinisimamisha nikirudi kazini. Yeye yuko mlangoni, anyoosha kidole. "Kung'uta kwanza." Vumbi la meli haliingii chumbani kwake. Shati, suruali, mapindo yote mawili. Miaka kumi na minane. Hata siku niliyorudi na homa. Nilikuwa naudhika sana.

Bado nakung'uta palepale. Hakuna anayenisimamisha. Ua limeota pale.

Usimwambie mtu.

Nipatie jina kabla ya tarehe 9. Jina zuri.

Kofia ilikuwa nzuri.

Kombe

*

Moiben
29 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Nilikuandikia "ngoja", wewe ukasoma "nenda". Joab nimemsomea, amecheka mpaka mguu ukamuuma, halafu tulipofika mwisho akatoka nje kumwangalia ndama ambaye hana tatizo lolote.

Jina. Joab alilipeleka ua lako kwa mzee Morris, aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya ngano tangu wakati wa wazungu. Akaliweka kiganjani, akacheka. Asema mzungu wake alikuwa na picha ya ua hili ukutani. Huko kwao laota lenyewe katikati ya ngano, na wakulima waling'oa. Jina la Kizungu alilitaja, lakini hana meno ya mbele, sikulishika. Kwa hivyo ni gugu, Kombe. Gugu la ngano. Bi Mwanakuu yuko sawa, na sitakudanganyia jina zuri, kwa sababu wewe uongo hujui kuusema.

Lakini nilikaa nikafikiri. Ngano. Na ndugu yangu huko bandarini yuapakua nini? Basi mbegu imetoka ng'ambo, imepanda meli, imeshuka Kilindini ndani ya pindo la suruali yako, na wewe punda ukaenda kuikung'utia palepale Mejumaa alipokuwa akikusimamisha hata na homa. Hakulitega mtu. Mmelipanda wawili, yeye kwa kidole chake na wewe kwa suruali yako.

Sasa la Swabaha. Hakukasirika kwa sababu hukuposa. Wanaume wasioposa wamejaa mji mzima. Alikasirika kwa sababu ulimwambia ni jina la ua tu, naye alishaona kuwa si ua tu, kwa sababu mtu haendi kubisha mlango wa watu kwa ajili ya gugu. Mwambie ulivyoniambia mimi. Yote. Najua hutaweza, ulimi wako umefungwa kwa kamba ya gunia, lakini jaribu. Na kama ile kofia waitaka tena, na mimi naona waitaka, basi safari hii mpelekee kinachonukia.

Nimeitia posta leo hii. Mungu aisukume.

Dada yako,
Mbeyu

*

Kibokoni
12 Oktoba 1993

Dada Mbeyu,

Salaam. Barua ilifika Jumamosi asubuhi. Fundi alikuwa ameshachanganya simiti.

Nilimwambia Bi Mwanakuu ukweli. Nikasema, "Ni gugu la ngano."

Akasema, "Nilisema mimi." Tangu Septemba ndiyo mara ya kwanza kunisemesha. Akamwambia fundi, "Anzia pale pembeni."

Nikaenda kusimama pembeni.

Fundi akasema, "Mzee, hebu sogea."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Simiti yanikaukia."

Swabaha alikuwa mlangoni kwake, atazama. Mimi maneno sina, na wewe umeyaandika yote. Nikamfuata, nikampa barua yako. Nikasema, "Soma."

Nilidhani atasoma kimoyomoyo. Alisoma kwa sauti. Yote. Mguu wa shemeji. Ndama. Punda, alilirudia mara mbili. Fundi akageuza karai akakalia. Bi Mwanakuu akasogea na paka wake. Nilikwambia usimwambie mtu, sasa ajua hata fundi, naye ni wa kutoka Majengo.

Alipofika kwenye homa sauti ikashuka. Pa kofia alipasoma kimoyomoyo. Halafu akaikunja barua ndogo ndogo.

Akasema, "Hata na homa?"

Nikasema, "Hata na homa."

Akaingia ndani. Nikajua basi, imekwisha.

Akatoka na mkeka. Akautandika pembeni, kando ya ua. Akakaa, akatoa sindano, akaanza kushona.

Bi Mwanakuu akasema, "Swabaha, ondoka, mwanangu, fundi afanye kazi."

"Nashona."

"Kashone ndani."

"Ndani giza."

"Miaka saba washona ndani!"

"Ndiyo maana macho yaniuma."

Bi Mwanakuu akamtazama. Akanitazama mimi. Akalitazama ua. Akasema, "Gugu lenyewe hata halinukii." Halafu akamwambia fundi, "Zunguka. Si waona watu wamekaa?"

Uani kote sasa ni simiti. Pembeni pamebaki mchanga, upana wa mkeka mmoja.

Barua yako hakunirudishia.

Alhamisi nakwenda kununua kikuba. Chanunuliwaje? Wachagua mwenyewe au wapewa tu? Jibu haraka. Najua halitafika kwa wakati. Jibu hivyo hivyo.

Kombe

*

Moiben
27 Oktoba 1993

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe, asifiwe tena! Wapewa tu, na ukipewa usibishane. Barua ikikufikia utakuwa umeshakosea, lakini naona siku hizi makosa yako yana faida.

Nimeisaliti siri yako na sitaomba msamaha. Joab asema fundi wa Majengo akisikia jambo Mombasa nzima imesikia, kwa hivyo fanya haraka.

Huku tuko wazima wote. Leo nimelia kidogo nikikamua maziwa. Ng'ombe hakuuliza.

Mbeyu

*

Kibokoni
23 Januari 1994

Dada Mbeyu,

Salaam aleikum. Jefwa ameandika. Mzima. Bega la Charo limepona. Siku hizi aingia uani, lakini pembeni hapakanyagi.

Nikaha imekuwa Ijumaa tarehe 14, Ramadhani isije ikatukuta. Habari za pilau na nani alivaa nini utazipata kwa Bi Mwanakuu. Amekuandikia kurasa sita, asema mimi nitaziharibu.

Kikuba nilinunua. Nilikinusa kwanza nihakikishe. Nilipiga chafya mpaka muuzaji akauliza kama nina mafua. Sasa kila Alhamisi anikuta naja, ananifungia bila kuuliza.

Ua lilikauka Novemba. Nikadhani ndiyo mwisho. Lakini lilimwaga mbegu na zimeshachipua tano. Nimekutilia mbegu chache humu. Mwambie shemeji azipande mbali na ngano za watu.

Kofia ninayo. Ndiyo niliyovaa siku ya nikaha.

Jambo moja nalotaka kukwambia. Jumatatu nilirudi kazini, mara ya kwanza tangu nikaha. Meli ya ngano, kutwa nzima. Nilifika nyumbani nimechoka, miguu yawaka, nataka kukaa tu. Swabaha alikuwa mlangoni, sindano mdomoni. Akaitoa. Akanyoosha kidole kule pembeni.

"Kung'uta kwanza."

Nikamwambia nimeshakung'uta bandarini.

Akasema, "Sikuuliza."

Nikaudhika, dada. Kama zamani. Nikaenda pembeni nikakung'uta, shati, suruali, mapindo yote mawili.

Ndugu yako,
Kombe